Jibini, Mvinyo na Tembe za Kifua Kikuu

Tulikuwa watu sita nyumbani kwa rafiki, tukionja mvinyo mwekundu kwa vipande vya jibini. Kufikia glasi ya pili, mwenzetu mmoja alihisi uso ukimwaka moto, moyo ukaenda mbio na kichwa kikamgonga. Wengine walicheka wakidhani amelewa. Nilipomvuta kando, aliniambia anameza isoniazidi, dawa ya kifua kikuu.

Jibini iliyokomaa kwa miezi mingi, kama cheddar, huwa na kemikali iitwayo tiramini. Mvinyo mwekundu pia huweza kuwa nayo. Kwa kawaida, kimeng'enya kilicho katika utumbo na ini huivunjavunja kabla haijadhuru. Isoniazidi hukidhoofisha kimeng'enya hicho, tiramini ikapenya hadi kwenye damu. Dawa fulani za zamani za kutibu sonona ni hatari zaidi: shinikizo la damu huweza kupanda hata mshipa wa ubongo ukapasuka. Siri hii ilifichuka mwaka wa 1963, baada ya mfamasia mmoja Mwingereza kumwandikia Dkt. Barry Blackwell kwamba mkewe, aliyezitumia, aliumwa na kichwa vibaya kila alipokula jibini.

“Basi niache tembe, daktari?” mwenzetu aliuliza. La, hasha! Ukikatiza tembe, viini vya kifua kikuu huweza kuwa sugu. Kinachoachwa ni jibini ya aina hiyo, na pombe yoyote, kwani pombe na isoniazidi zote huelemea ini. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, fika kliniki siku hiyo hiyo.