Simbakubwa: Jitu la kale lililokaa kwenye droo

MNYAMA mla nyama mwenye taya kubwa kuliko ya simba wa leo alikaa zaidi ya miaka 30 kwenye droo za Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi bila kutambuliwa.

Mabaki yake yalichimbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika eneo la Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, na wachimbaji waliokuwa wakitafuta masokwe wa kale. Yalikuwa machache: vipande vya taya, meno na mifupa michache ya mwili. Yakawekwa pamoja na mabaki ya fisi. Mzigo ulikuwepo ghalani. Lebo ndiyo haikuwa yake.

Watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens waliyachunguza upya, na mwaka 2019 wakampa jina la Kiswahili: Simbakubwa kutokaafrika. Mswahili angesema "simba mkubwa", lakini majina ya kisayansi yana sarufi yake.

Hata hivyo, hakuwa simba wala fisi. Alikuwa wa kundi la hienodonti, lililotoweka bila kuacha kizazi. Aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita. Kila upande wa kinywa, simba ana jozi moja ya meno ya kukatia nyama. Yeye alikuwa nazo tatu.

Uzito wake bado una utata. Hesabu moja humpa hadi kilo 1,500, nyingine kilo 280. Kwa mifupa michache hivyo, mizani haitoi jibu moja.

Ukoo wake haukujua mipaka. Bonde la Rukwa, Tanzania, limetoa Pakakali, jamaa mdogo wa miaka milioni 25 iliyopita, aliyetangazwa na watafiti haohao mwaka 2017. Ndugu wengine wamepatikana Napak nchini Uganda, Libya, Pakistan na hata Ulaya, kwani Afrika ilipoungana na Asia wanyama walipata njia ya kuvuka.

Kilichomrudisha Simbakubwa ni kumbukumbu ya mahali alipochimbuliwa. Mfupa wa kale ukiokotwa na kuuzwa, habari hiyo hupotea na thamani yake kwa elimu huisha. Kuvusha mabaki kama hayo bila kibali ni kosa kisheria, Kenya na Tanzania. Anayekutana nayo shambani au machimboni ayaache yalipo, kisha atoe taarifa kwa makumbusho.