Kushika Mafundisho: Maana ya Uaminifu kwa "Torah" katika Maandiko ya Kiebrania

1. Utangulizi

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana mara nyingi na agizo la kuishika sheria ya Mungu. Agizo hilo limo katika vitabu vya Musa, katika manabii, katika zaburi na katika mithali, nalo limekaririwa mno hata msomaji aweza kulipita bila ya kuuliza maana yake. Wengi hudhani kuwa kushika sheria ni kutii tu: amri hutolewa, mtu huitenda, na mambo yakaisha hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Kiebrania maana ni pana zaidi. Uaminifu unaodaiwa huko ni kazi ya mlinzi aliyekabidhiwa kitu cha thamani, ambaye hana budi kukikesha, kukielewa, kukitumia, na kukikabidhi kwa wajao baada yake.

Tutaanza na maneno mawili yaliyo msingi wa jambo hili, yaani "torah" na "shamar". Kisha tutaeleza namna ulinzi huo ulivyoagizwa, na kutazama habari za wafalme wawili, baba na mwanawe, waliosomewa maandiko wakayapokea kwa njia mbalimbali. Mwisho tutayapima maneno ya Kiswahili ambayo wafasiri wameyatumia.

2. Neno "torah"

Neno hili hutokana na mzizi y-r-h, ambao katika umbo lake la kusababisha una maana ya kuelekeza, kuonyesha njia, kufundisha. Katika mzizi huohuo hupatikana "moreh", yaani mwalimu. Basi maana ya asili ya "torah" ni mafundisho. Kuhani aliyeulizwa juu ya kilicho safi na kilicho najisi alitoa "torah". Nabii naye alitoa "torah". Na katika sura ya kwanza ya Mithali hata mama anayo "torah" yake, ambayo kijana anaaswa asiiache. Mahali hapo twamwona mzazi na mtoto nyumbani, wala hatumwoni hakimu na mshitakiwa.

Maana ya sheria ilipata nguvu kwa njia ya tafsiri. Wayahudi wa Alexandria walipoanza kuvitafsiri vitabu vya Musa kwa Kigiriki, katika karne ya 3 K.K., walichagua neno "nomos", lenye maana ya sheria au desturi. Kilatini kikafuata kwa "lex", na lugha nyingi za Ulaya zikashika njia hiyo. Katika Kiswahili, Biblia ya Union Version iliyotolewa mwaka 1952 hutumia "torati" mahali pengine, na mahali pengi "sheria". Hata ile "torah" ya mama katika Mithali imeitwa sheria. Maneno yote mawili yalitufikia kwa njia ya Kiarabu. Waislamu wa pwani walikuwa wakiitaja Taurati, pamoja na Zaburi na Injili, kabla ya mmisionari yeyote wa karne ya 19 kufika Mombasa. "Sheria" nayo huhusishwa na asili yake ya Kiarabu yenye maana ya njia iendayo majini, picha iliyo karibu sana na ile ya Kiebrania. Lakini picha hiyo imefifia. Mswahili wa leo asikiapo neno sheria huwaza bunge, polisi na mahakama.

Hata hivyo haifai kulivuta jambo hili kupita kiasi. Ndani ya "torah" zimo amri zilizo wazi, zimo adhabu, na zimo fidia za ng'ombe aliyemwumiza mtu. Anayesema "sheria" hajasema uongo; amesema sehemu. Sehemu nyingine ni simulizi, na mara nyingi simulizi hiyo ndiyo inayoipa amri sababu yake. Waisraeli wanakatazwa kumwonea mgeni kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri, nao waijua hali ya mgeni. Mtu akiisahau habari ya Misri, amri ile hubaki mifupa mitupu.

3. Kitenzi "shamar"

Kitenzi hiki, kipatikanacho zaidi ya mara 400 katika maandiko ya Kiebrania, hakikuzaliwa katika mambo ya dini. Ni neno la kazi. Adamu anawekwa bustanini ailime na "kuishamar", yaani kuitunza. Yakobo anaahidi kulichunga na "kulishamar" kundi la Labani. Kaini, aulizwapo habari za Habili, anajibu kwa swali kama yeye ni "shomer", mlinzi, wa ndugu yake. Walinzi wa mji wanaokesha wakiingoja asubuhi huitwa kwa neno hilohilo. Tena kitenzi hiki huingia moyoni: Yusufu alipoieleza ndoto yake, ndugu zake walimwonea wivu, lakini baba yao "alilishamar" neno lile, yaani aliliweka akilini.

Mtu aweza kuuliza: je, neno hilo linapotumiwa juu ya amri, halijawa na maana ya kutii tu? Jibu tunalipata katika Kumbukumbu la Torati. Kitabu hicho hupenda kuviandamanisha vitenzi viwili, "shamar" na "asah", kwa maana ya kulinda ili kutenda. Kama kulinda kungekuwa ndiko kutenda, kitenzi cha pili kisingekuwa na kazi. Kwa mpango huo kulinda hutangulia: mtu hulihifadhi neno kwanza, lipate kuwapo wakati wa kutendwa. Katika sura ya 4 ya kitabu hichohicho msikilizaji anaagizwa pia ajilinde nafsi yake, asije akayasahau yale aliyoyaona kwa macho yake. Adui anayeogopwa hapo ni usahaulifu, na kitu hulindwa dhidi ya usahaulifu kwa kazi ya kila siku.

4. Namna ya kulinda

Kazi hiyo imeelezwa kinaganaga. Katika sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati mzazi anaagizwa kuwafundisha watoto wake, kwa kitenzi chenye mzizi wa kunoa, kama kisu kinolewavyo kwa kupitishwa juu ya jiwe mara nyingi. Atayanena maneno hayo aketipo nyumbani na aendapo njiani, alalapo na aondokapo. Atayafunga mkononi na katika paji la uso, na kuyaandika juu ya miimo ya mlango. Sura ya 17 inamtaka mfalme ajipatie nakala yake ya mafundisho na kuisoma siku zote za maisha yake, ili moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Sura ya 31 inaagiza kwamba kila mwaka wa saba yasomwe mbele ya watu wote, wanaume, wanawake, watoto, na mgeni aliye malangoni.

Hata kutafakari kulifanywa kwa sauti. Kitenzi "hagah", ambacho Kiswahili hukifasiri kwa kutafakari, hutumiwa pia juu ya hua anayelia na simba anayenguruma juu ya windo lake. Aliyeyatafakari mafundisho usiku na mchana aliyatamka kwa sauti ya chini, tena na tena.

Kazi hiyo imepata sanaa yake katika Zaburi ya 119. Zaburi hiyo ina aya 176, zilizogawanywa katika beti 22, kwa hesabu ya herufi za Kiebrania. Kila ubeti una aya 8, na aya zote za ubeti mmoja huanza kwa herufi moja. Mtungaji ana maneno manane makuu ya kuyataja mafundisho, mafundisho yenyewe yakiwa mojawapo, pamoja na shuhuda, mausia, amri na mengineyo, naye huyazungusha kama mfumaji azungushavyo nyuzi. Msomaji wa ushairi wa pwani hatashangaa sana, kwani utunzi wa kufuata herufi umo pia katika Kiswahili, kama ilivyo katika Dura Mandhuma, uliofuata herufi za Kiarabu. Utunzi wa namna hii husaidia kumbukumbu: aliyepotewa na aya hukumbushwa na herufi ijayo.

5. Wafalme wawili

Yapata mwaka 622 K.K., katika mwaka wa 18 wa kutawala kwa Yosia, kuhani Hilkia alikiona kitabu cha "torah" hekaluni palipokuwa pakitengenezwa. Shafani mwandishi akakisoma mbele ya mfalme. Yosia alipoyasikia maneno yake aliyararua mavazi yake, kisha akawatuma watu kwa nabii mke Hulda, aliyekaa Yerusalemu, wapate kuuliza. Habari hii yatisha kidogo ikifikiriwa vema: kitabu kilichopasa kukaa mikononi mwa mfalme kila siku kilikuwa kimepotea ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ibada, wala hapakuwa na aliyekitafuta.

Yapata mwaka 604 K.K. mwanawe Yosia, Yehoyakimu, naye alisomewa gombo. Yalikuwa maneno ya Yeremia, yaliyoandikwa na Baruku. Ilikuwa wakati wa baridi, na makaa yalikuwa yakiwaka mbele ya mfalme. Kila Yehudi alipomaliza kusoma safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, hata gombo lote likateketea.

Msimulizi ameziunganisha habari hizi kwa kitenzi kimoja. Yosia "alirarua" mavazi yake. Yehoyakimu "alirarua" gombo. Kitenzi katika Kiebrania ni kilekile, "qara". Na ili msomaji asikose kuona, msimulizi aongeza kwamba mfalme na watumishi wake hawakuyararua mavazi yao. Zaidi ya hayo, kitenzi hicho hutofautiana na kile cha kusoma kwa herufi ya mwisho tu: cha kusoma kina alefu, cha kurarua kina ayini. Katika aya moja Yehudi anasoma na mfalme anararua, na masikio ya Mwebrania yalisikia maneno mawili yaliyokaribiana kama ndugu. Mbele ya neno lililosomwa, mtu ama hulirarua neno, ama huurarua ukaidi wake.

Hata hivyo katika chumba kile palikuwa na walinzi. Miongoni mwa waliomsihi mfalme asilichome gombo alikuwamo Gemaria, mwana wa Shafani. Baba alikisoma kitabu mbele ya Yosia. Mwana alisimama kukitetea kitabu mbele ya mwana wa Yosia. Mwaka 1982 wachimbuzi wa mambo ya kale katika Mji wa Daudi, Yerusalemu, walipata kipande cha udongo kilichopigwa muhuri wenye jina la Gemaria mwana wa Shafani. Mwana wa mfalme alirithi kiti. Mwana wa mwandishi alirithi ulinzi.

6. Kulinda na kueleza

Kumbukumbu la Torati lakataza kuongeza neno au kupunguza. Je, mlinzi hana ruhusa ya kusema lolote jipya? Maandiko yenyewe hayaoni hivyo. Baruku alipoliandika tena gombo lililochomwa, twaambiwa kwamba maneno mengi yaliyofanana na yale yalizidishwa. Katika sura ya 27 ya Hesabu binti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa kulalamika kwamba jina la baba yao litafutika kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume. Musa hawafukuzi kwa kuwa jambo lao halikuandikwa. Analipeleka mbele za Mungu, na jibu ni kwamba wamesema haki nao watapewa urithi. Waliouliza hawakuhesabiwa kuwa waasi.

Na katika sura ya 8 ya Nehemia, Ezra alipowasomea watu uwanjani tangu mapambazuko hata adhuhuri, Walawi walikuwako wakiyafafanua maneno ili watu wayafahamu. Watu walilia, wakaambiwa wasilie, bali wale, wanywe, na wawapelekee sehemu wasiokuwa na kitu. Kusoma bila ya kufahamisha kusingetosha.

7. Maneno ya Kiswahili

Wafasiri wa Kiswahili wamekifasiri kitenzi "shamar" kwa kulinda, kutunza, kushika na kutii, kwa kadiri ya mahali. Aya ya 4 ya Zaburi ya 119 katika Union Version ina kutii, ilhali amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati ina kushika. Kati ya hayo mawili, kushika ndilo neno lenye utajiri. Mswahili hushika kitu mkononi, hushika somo akilini, na hushika dini katika mwenendo. Mkono, akili na mwenendo vimo katika neno moja, karibu kama vilivyo katika Kiebrania. Kutii humwangalia mwenye amri tu. Kushika humwangalia na yule aliyekabidhiwa.

Liko neno jingine linalostahili kufikiriwa na wafasiri, nalo ni kuhifadhi. Tunahifadhi mali isiharibike, na tunahifadhi maneno kwa moyo. Mtoto wa chuoni ahifadhipo Kurani hutimiza maana zote mbili kwa wakati mmoja: aliyeyaweka maneno kifuani ndiye aliyeyalinda. Kuhusu "torah" yenyewe, pale isemwapo juu ya mama na mtoto neno mafundisho, au wasia, lingefaa kuliko sheria. Msomaji wetu anajua wasia wa mama ni kitu gani. Yapata mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi ambao hata leo husomwa, na hakuna aliyewahi kuuona kuwa ni kifungu cha sheria. Ni mafundisho ya mama anayejua kwamba hatakuwako daima.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba "torah" ni mafundisho kabla ya kuwa sheria, na kwamba "shamar" ni kulinda kabla ya kutenda. Tofauti hii haiwahusu wataalamu wa lugha peke yao. Anayesoma kwamba ameamriwa kutii aweza kudhani kuwa kazi yake imekwisha siku ambayo hakuvunja amri. Anayesoma kwamba amekabidhiwa mafundisho ayalinde atajiuliza kama anayajua, kama anayaelewa, na kama mtoto wake ameyasikia. Kitabu cha Yosia hakikupotea kwa sababu ya adui aliyekuja na moto. Kilipotea kwa kuwa kila mtu alidhani kiko kwa mwenziwe. Mfasiri achaguapo neno lake, na mwalimu alielezapo, nao pia wamo katika zamu hiyo ya ulinzi.