Kimo cha Mlima Kitazamwapo kutoka Mbaraki

Kimo cha mlima kilichoandikwa katika ramani hakibadiliki, kwa kuwa huhesabiwa kutoka usawa wa bahari hadi kileleni, lakini kimo kionekanacho hubadilika kila mtazamaji anapohama, kwa sababu jicho halipimi mita bali pembe ya mwinuko, yaani pembe iliyopo kati ya mstari ulio sawa na uso wa maji yaliyotulia na mstari unaotoka jichoni kwenda kileleni. Kanuni hiyo huihusu hata nguzo ya kale ya mawe iliyopo Mbaraki, katika kisiwa cha Mombasa, kwani nguzo yoyote yenye mita 15 humfanya mtu aliyesimama mita 15 kutoka shinani mwake ainue macho kwa digrii 45 hivi, ilhali akirudi nyuma hadi mita 150 pembe hiyo hushuka chini ya digrii 6.

Upande wa kusini-magharibi mwa Mbaraki, ng'ambo ya maji ya Kilindini, viko vilima vya Shimba, ambavyo karibu na Kwale, umbali wa kilomita 25 hivi, hufikia mita 400, na pembe yake ya mwinuko ni takriban digrii 0.8, ambayo ni kubwa kuliko upana wa mwezi mpevu angani. Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, kiko kilomita zipatazo 280 kutoka Mombasa, na hapo ndipo umbo la dunia linapoingia katika hesabu: kwa kuwa dunia ni mviringo, kitu kilicho mbali kiasi hicho huwa kimezama mita 6,150 hivi chini ya mstari ulionyooka wa jicho la aliye ufukweni, kwa hiyo Kibo chote, theluji na yote, kingepaswa kuwa chini ya upeo wa macho.

Hata hivyo, nuru haisafiri kwa mstari ulionyooka kabisa, kwa maana hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu na huupinda mwale kuelekea ardhini, jambo ambalo kwa kawaida hupunguza kuzama huko kwa kiasi cha sehemu moja ya saba. Kwa hesabu hiyo kilele kingechomoza kwa thumni ya digrii tu, na kilima cha mita 150 kilichoko kilomita 20 kutoka kisiwani, ambacho huinuka theluthi ya digrii, hutosha kukifunika, sembuse ukungu wa pwani. Ni jambo la kustaajabisha kwamba miinuko midogo ya nyuma ya Mombasa, ambayo msafiri huipanda bila kutweta, inauficha mlima mrefu kuliko yote barani Afrika.

Hata mmisionari Johannes Rebmann, aliyeishi Rabai, karibu na Mombasa, alisafiri kwa miguu kwa muda wa wiki mbili hivi kabla ya kuiona theluji hiyo tarehe 11 Mei 1848, huku wenyeji wa bara na watu wa misafara wakiujua mlima huo tangu zamani.

Kukaribia nako kuna hila zake. Kutoka mji wa Moshi, Kibo huinuka digrii 9 hivi, karibu upana wa ngumi ya mkono ulionyooshwa, lakini anayezidi kusogea hadi kwenye miteremko yenyewe huzibwa na mabega ya mlima. Upande wa Rombo, Mawenzi, kilele kingine cha mlima huo chenye mita 5,149, huonekana kirefu kuliko Kibo, kwa sababu tu kiko karibu zaidi na mtazamaji.

Pembe moja, basi, haitoshi kumpa mpimaji kimo. Humbidi aipime kutoka vituo viwili ambavyo umbali kati yake unajulikana, apate pembetatu, kisha aongeze marekebisho ya mviringo wa dunia na ya kupinda kwa nuru. Na kazi ya namna hiyo ndiyo iliyowashughulisha mvumbuzi Karl Klaus von der Decken na mwanajiolojia Richard Thornton mwaka 1861, walipotoka Mombasa kwenda kuupima Kilimanjaro.