Barghash: sifa zisizo zake, lawama zisizo zake

Kutoka Beit al-Ajaib hadi Mkunazini, mjini Unguja, ni mwendo mfupi wa miguu, lakini kila upande utasimuliwa Sultani Barghash mwingine. Forodhani, mbele ya jumba alilolijenga mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, ni mfalme mjenzi. Mkunazini, penye shimo la sanamu za watumwa watano waliotiwa minyororo shingoni, ni sultani aliyelifunga soko la watumwa. Vuka bahari uende Bara, utamkuta wa tatu: yule aliyewaachia Wajerumani nchi.

Wote watatu wana ushahidi wao. Mimi, kabla ya kumsifu au kumlaumu, huuliza kwanza kama jambo lenyewe lilikuwa mikononi mwake.

Tuanze na soko. Mapema mwaka 1873 mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alifika Unguja na mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Barghash akakataa. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeifyeka mikarafuu ya Unguja, na ushuru wa watumwa ulikuwa sehemu ya mapato yake. Frere akaondoka mikono mitupu. Kisha balozi wa Uingereza, John Kirk, akaja na tishio la manowari kukizingira kisiwa, na Juni 5 mkataba ukatiwa saini. Sifa ya ukombozi iliyopatikana kwa namna hiyo hata mwenyewe asingeipokea. Haki yake ni ndogo zaidi: mwaka 1876 alitoa amri dhidi ya misafara ya watumwa iliyokuwa ikipita nchi kavu kuukwepa mkataba, na amri hizo zilimchukiza mwenye mali wa Kilwa kuliko zilivyomgharimu Mwingereza.

Bara nayo ni hivyo hivyo. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Karl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba. Februari iliyofuata serikali ya Ujerumani ikaitambua. Barghash alipinga kwa maandishi. Akajibiwa Agosti 1885, manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya kasri lake. Jeshi lake lilikuwa chini ya Mwingereza, Lloyd Mathews, na London haikuwa tayari kugombana na Berlin kwa ajili yake. Mwaka 1886 mataifa hayo mawili yakampimia alichobakiwa nacho: visiwa, na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Kumwita msaliti hapo ni kumwonea. Ingawa mzee wa Usagara angeweza kuuliza swali jingine kabisa: nani aliyesema nchi hii ni ya Sultani, hata iwe yake kuitoa au kuizuia?

Yapo aliyoyaamua mwenyewe. Aliingia madarakani 1870, mji ukiwa umetoka kupukutishwa na kipindupindu, akayavuta maji ya chemchemi ya upande wa Bububu hadi mjini, watu wakayachota bila malipo. Alileta mtambo wa kuchapa vitabu, ukatoa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi, madhehebu yake. Hakuna manowari iliyomlazimisha.

Wala hakuna iliyomlazimisha kumfunga Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, mwanachuoni wa Kisunni wa Mombasa, kwa sababu mafundisho yake yaliwavuta Maibadhi. Sheikh huyo alifunguliwa 1888 tu, Barghash alipofariki na nduguye Khalifa akatawala.

Halafu kuna Salme, dada yake. Mwaka 1859 Barghash alipokula njama dhidi ya ndugu yao Sultani Majid, Salme, binti wa miaka kumi na mitano hivi aliyejifundisha kuandika, ndiye aliyekuwa karani wa njama. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, yeye na dada yao Khole walimtoa nje akiwa amejifunika nguo za kike. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Salme baadaye alibatizwa, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akawa Emily Ruete. Alipotaka urithi wake, Barghash hakumpa. Ni ukatili, lakini usisahau kwamba mwaka 1885 dada huyo alirudi Unguja pamoja na msafara wa manowari zile zile. Kitabu chake cha 1886 kinamchora kaka yake kwa wino mchungu. Kitabu hicho hicho kinautetea utumwa wa Unguja dhidi ya lawama za Wazungu. Nikimsoma kama shahidi, huyakumbuka yote mawili.

Kwangu mimi, lawama nzito ya Barghash haiko Mkunazini wala Usagara. Iko mashambani. Mkataba wa 1873 uliigusa biashara tu, baharini na sokoni. Mtumwa aliyekuwa tayari akichuma karafuu Unguja na Pemba aliendelea kuchuma. Barghash alitawala karibu miaka mingine 15 baada ya saini ile na hakumgusa. Maji ya bure ya mjini yalilipiwa kwa sehemu na mikono hiyo, na mwenye mikono hakuulizwa anamwonaje mfalme wake. Sheria ya kuufuta utumwa visiwani ilikuja 1897, chini ya Sultani Hamoud. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na fidia akalipwa bwana.