Mlinzi Anapomgeuka Bwana Wake

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Sijui methali iliyo bora kuliko hii ya kueleza ugonjwa wa lupasi.

Mama wa kifugaji wa Garissa, Wajir au Mandera akishikwa na homa, uchovu na maumivu ya viungo, shaka ya kwanza huangukia malaria au homa ya brusela, ile iletwayo na maziwa mabichi. Si ajabu, kwani maradhi hayo yapo. Lakini dawa zisipofua dafu, yatupasa kuuliza: je, si lupasi? Katika kila wagonjwa kumi wa lupasi, takriban tisa ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa.

Ndani ya damu mna askari waitwao seli B. Kazi yao ni kumkumbuka adui na kutengeneza kingamwili za kumpiga. Askari anayeulenga mwili wenyewe kwa kawaida huondolewa au hunyamazishwa mapema. Katika lupasi baadhi yao huponyoka, na figo huumia kimyakimya.

Watafiti wa Mali na Kilifi wamekuta seli B za aina ya pekee kwa watu walioandamwa na malaria kwa muda mrefu. Zinazofanana nazo huonekana kwa wagonjwa wa lupasi. Ajabu ni kwamba mwaka 1968 daktari Brian Greenwood aliona maradhi ya namna hii ni haba nchini Nijeria, akakisia kuwa vimelea ndivyo vilivyoyazuia. Huenda ikawa kweli. Lakini kisichopimwa nacho huonekana hakipo.

Mwaka 2021 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walianza kuwatibu wagonjwa wa lupasi kwa kuzifuta seli B zao. Twawapongeza, ila fimbo ya mbali haiui nyoka. Zetu za karibu ni kupima mkojo na shinikizo la damu, kujikinga na jua kali, na haidroksiklorokwini, dawa iliyo ndugu wa klorokwini tuliyoizoea kwa malaria.

Tangu 2013 hospitali zetu zi mikononi mwa serikali za kaunti. Basi waheshimiwa wahakikishe vipimo na dawa hizo zipo, ili mgonjwa asilazimike kusafiri zaidi ya kilomita 350 hadi Nairobi ndipo alijue jina la kinachomla.