Nani Hufaidika Umoja Unapovunjika?

Hakuna mkutano wa hadhara, wala kikao cha tawi, wala karamu ya arusi, ambako mtu aweza kusimama akasema kwamba umoja ni kitu kibaya naye akapigiwa makofi. Sote tumelelewa na ile methali ya kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu, na sote twaikubali. Hata hivyo, tukiitazama historia ya wanadamu, twaona kwamba kazi ya kutengana ndiyo watu waliyoiweza zaidi. Watoto wa baba mmoja hugawana shamba mpaka kila mmoja akabaki na tuta moja la mihogo. Madola yaliyoungana kwa ngoma na vigelegele huachana kimya kimya. Sababu ni nini? Wengi hujibu upesi kwamba ni chuki, au ukabila, au tamaa ya wakubwa. Majibu hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi. Maana watu wasiopendana huweza kukaa pamoja miaka mingi iwapo kukaa huko kwawafaa, na ndugu wapendanao huweza kuachana kwa ajili ya hesabu.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967, nayo ikafa mwaka 1977, ni somo tulilolilipia ada kubwa, na kwa maoni yetu hatujalielewa lote. Wakati ule Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na reli moja, bandari zilizo chini ya shirika moja, posta na simu za pamoja, na shirika moja la ndege lililorusha ndege za VC10 mpaka Ulaya. Stempu ya barua iliyonunuliwa Lindi ilikuwa na majina ya nchi zote tatu. Mtu aliweza kuajiriwa Tabora, akahamishiwa Nakuru, akastaafu yuko Tororo, na mwajiri wake akawa yule yule. Ni nchi chache duniani zilizopata kuwa na mali nyingi za shirika kiasi hicho pasipo kuwa dola moja.

Lakini hapana budi tukumbuke jinsi umoja huo ulivyozaliwa. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901 kwa maslahi ya Waingereza. Forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka 1917, Tanganyika ikaingizwa katika miaka ya 1920, na mwaka 1948 magavana watatu wakawekewa chombo kimoja cha kusimamia huduma za pamoja. Mkoloni hakutuunganisha kwa mapenzi. Alitaka kutawala kwa gharama ndogo. Na kwa kuwa walowezi, mabenki na makampuni yao makubwa yalikuwa yamekaa Nairobi, viwanda navyo vilijengwa huko.

Matokeo yake hayaonekani mpaka mtu apige hesabu, basi na tupige. Chukua shati moja. Shati lililotoka ng'ambo lilipofika bandari ya Dar es Salaam lilitozwa ushuru, na ushuru ule ukaingia katika hazina ya Tanganyika, ukaweza kujenga zahanati. Shati lililoshonwa Nairobi lilivuka mpaka pasipo ushuru, nalo likaweza kuuzwa kwa bei iliyokaribia ile ya shati la ng'ambo, kwa kuwa mshindani wake alikwisha ongezewa ushuru. Mnunuzi wa Dodoma hakuona tofauti mfukoni mwake. Lakini hazina yake haikupata kitu, na kazi ya kushona ilipatikana Nairobi. Ndugu zetu wa Kenya hawakuwa wezi katika jambo hilo. Walikuwa wamekaa tu mahali ambapo maji huteremkia, na ni vigumu sana kwa aliyekaa mahali hapo kuamini kwamba wa mlimani ana kiu.

Viongozi wetu waliiona hatari hiyo mapema. Mwezi Juni 1960, mjini Addis Ababa, Mwalimu Nyerere alisema kwamba alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki zipate uhuru pamoja zikiwa shirikisho, kwani alihofu kwamba bendera zikishapandishwa mbalimbali itakuwa taabu kuzishusha. Tarehe 5 Juni 1963 yeye, Mzee Kenyatta na Bwana Obote walitangaza mjini Nairobi nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Wajumbe walikwama katika maswali ya mji mkuu, uraia, mambo ya nje, na nani awe na haki ya kukopa fedha katika nchi za nje. Yatazame maswali hayo, ndugu msomaji. Ukiondoa lile la uraia, yote ni maswali ya nani atakalia kiti gani. Hakuna hata moja lililoanzia kwa mkulima wa Bukoba au kuli wa Mombasa.

Ndipo mwaka 1964 yakafanywa mapatano ya Kampala ya kugawana viwanda. Tanganyika ilipewa, pamoja na vingine, kiwanda cha matairi, Uganda ikapewa cha baiskeli, Kenya ikapewa cha taa za umeme. Kenya haikuyathibitisha mapatano yale. Miaka michache baadaye General Tyre ikajenga kiwanda Arusha, na Firestone ikajenga chake Nairobi, viwanda viwili vikigombea soko moja dogo. Wenye mitaji wa ng'ambo hawakupata hasara katika ugomvi wetu. Kila serikali iliwakaribisha kwa masharti mema ili isipitwe na jirani. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa shilingi yake.

Mkataba wa 1967 ulijaribu kusawazisha mambo, na ni haki tuseme kwamba ulikuwa mkataba wa watu wenye akili. Makao makuu yaliwekwa Arusha. Reli na ndege zilibaki na makao yao Nairobi, shirika la bandari likawekwa Dar es Salaam, posta na simu zikaenda Kampala pamoja na Benki ya Maendeleo, na benki hiyo iliagizwa kutia asilimia 38.75 ya fedha zake Tanzania, asilimia kama hiyo Uganda, na asilimia 22.5 Kenya. Nchi iliyokuwa ikinunua kwa wenzake kuliko inavyowauzia iliruhusiwa kutoza kodi maalumu ili ilinde viwanda vyake vichanga. Tatizo ni kwamba uamuzi wa mwisho juu ya mambo yote uliwekwa mikononi mwa marais watatu, nao sharti wakubaliane. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Mwalimu akakataa kuketi naye. Hatusemi kwamba alikosea, maana kuketi na muuaji ni kumpa heshima. Lakini tangu siku ile marais hao hawakukutana tena, na chombo chenye maelfu na maelfu ya wafanyakazi kikakaa miaka sita bila kichwa.

Wengi huishia hapo, wakasema kwamba Amin aliivunja Jumuiya. Twadhani jambo lenyewe lina mizizi iliyo chini zaidi. Hasara ya kuvunjika kwa umoja huwaangukia watu wengi, kila mmoja kidogo kidogo, tena polepole: nauli hupanda, barua huchelewa, kiwanda hukosa wanunuzi. Faida ya kuvunjika huwaendea watu wachache, nayo huja upesi na kwa wingi. Palipokuwa na meneja mkuu mmoja wa reli patahitajika watatu. Palipokuwa na shirika moja la ndege patakuwa na matatu, na kila moja litakuwa na mwenyekiti wake, halmashauri yake, mawakala wake, na wauzaji wake wa vipuri watakaopokea maagizo mapya. Mtu aliyekuwa wa nne katika ofisi ya Nairobi aweza kulala usiku akiwa wa nne, akaamka akiwa wa kwanza katika mji wake. Mtu huyo si lazima awe mwovu. Aghalabu alikuwa mzalendo, na kila hatua aliyoichukua ilikuwa na hoja safi. Alisema mabehewa yetu yamechakaa, kwa nini fedha zetu zipelekwe makao makuu? Naye mwenzake wa upande wa pili alisema vivyo hivyo. Katikati ya miaka ya 1970 fedha za reli zilianza kuzuiliwa katika kila nchi zisivuke mpaka, na shirika likawa limekwisha vunjika kabla ya mtu ye yote kutangaza.

Sisi wafanyakazi nasi tusijitie usafi. Mwajiri wa reli alikuwa mmoja, lakini vyama vya wafanyakazi wake vilikuwa vitatu, cha Kenya, cha Uganda na cha Tanganyika. Wa Kenya waligoma mwishoni mwa mwaka 1959. Wa Tanganyika waligoma mwaka 1960 kwa siku 82. Kila mmoja alipigana vita vyake kwa wakati wake dhidi ya bwana yule yule. Na mwaka 1970, kabla Amin hajashika madaraka, serikali ya Uganda iliwaondosha kwa maelfu wafanyakazi wa kazi za kawaida waliotoka Kenya. Yamkini waliozipata kazi zile waliona kwamba wamepata ushindi. Ikiwa mfanyakazi humwona mfanyakazi wa ng'ambo ya mpaka kuwa mtu aliyekalia kazi yake, basi meneja anayetaka ufalme wake mdogo hana haja ya kumshawishi, kwani amekwisha shawishika.

Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege lilianguka chini ya madeni, Kenya ikaanzisha lake, na mwezi Februari Tanzania ikaufunga mpaka. Magari na ndege ndogo zilizokutwa upande wetu zilizuiliwa. Tulifanya hivyo kwa hasira, na hasira ile ilitugharimu sisi pia, maana mpaka ulikaa umefungwa mpaka Novemba 1983, na jamaa za Wamasai wa Namanga walitenganishwa na mlingoti wa njiani. Mwaka wa fedha ulipokwisha tarehe 30 Juni 1977 hapakuwa na bajeti mpya. Jumuiya ilikufa hivyo, kwa kukosa karatasi ya matumizi.

Kisha ukaja mgao. Katika Ziwa Viktoria palikuwa na meli mbili za kuvusha mabehewa ya treni, zilizoundwa Scotland katika miaka ya 1960 kwa umbo moja, moja ikaitwa Uhuru na ya pili Umoja. Kenya ilibaki na Uhuru, sisi tukabaki na Umoja. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alihangaika miaka mingi mpaka hapo tarehe 14 Mei 1984 ilipokubaliwa mjini Arusha kwamba Kenya ichukue asilimia 42 ya mali, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26. Kuunganisha kulichukua kizazi kizima, kuvunja kulichukua majuma machache, na kuhesabu vipande kulichukua miaka saba.

Mapatano yale yaliweka juu ya kila nchi mzigo wa kulipa pensheni za raia wake waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya. Hapa Tanzania jambo hilo lilifika mahakamani, na suluhu ya kulifunga ikafanywa mwaka 2005, yaani miaka 28 tangu Jumuiya ife. Hata baada ya suluhu hiyo wazee waliendelea kudai kwamba hawakulipwa haki yao yote. Makarani, mafundi mitambo, wapiga simu na madereva wa treni walijipanga foleni wakiwa na fimbo mikononi, na wengine walifariki foleni ikiwa bado ndefu. Wale waliokuwa wa nne wakawa wa kwanza hawakuwamo katika foleni hiyo.

Jumuiya mpya ilianzishwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na leo ina nchi nane, kwani Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Soko la pamoja lilianza Julai 2010. Sarafu moja iliyotazamiwa mwaka 2024 imesogezwa mpaka 2031. Hapo katikati twamekwisha kuteketeza vifaranga 6,400 vya kuku vilivyotoka Kenya, mwezi Oktoba 2017. Kenya nayo ikayakataa mahindi yetu na ya Uganda mwezi Machi 2021. Na mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa tangu mwaka 2019 mpaka Januari 2022. Mwezi Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, nyingi zikiwa ndogondogo, na Kenya ikalalamika. Mchuuzi wa Kariakoo ana haki ya kulindwa asimezwe na mwenye mtaji mkubwa, na hatutaki kumdhihaki kwa hotuba za udugu. Lakini Mtanzania mwenye genge Nairobi naye ni mchuuzi, na amri kama hiyo ikijibiwa kwa amri, atakayefunga genge lake ni yeye.

Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki, tisa kwa kila nchi, huchaguliwa na mabunge ya nchi zao wala si na wananchi. Uamuzi mkubwa ungali mikononi mwa wakuu wa nchi, nao sharti wakubaliane. Lipo pia shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, nalo huhudhuria vikao vya Jumuiya kama mtazamaji. Husikiliza, na likipewa ruhusa husema, lakini kura halina.