Usasishaji wa orodha ya vifurushi

Usasishaji wa orodha ya vifurushi ni kazi ya kompyuta kupakua upya orodha ya programu zinazopatikana katika ghala za mfumo wake wa uendeshaji. Katika mifumo ya Debian na Ubuntu kazi hiyo hufanywa na programu ya APT.

Orodha na programu

Kifurushi ni faili yenye programu pamoja na maelezo ya kuisakinisha. APT inapotafuta kifurushi husoma nakala ya orodha iliyohifadhiwa katika kompyuta yenyewe, kwenye folda ya /var/lib/apt/lists. Amri ya apt-get update huleta orodha mpya tu. Haibadilishi programu yoyote. Matoleo mapya husakinishwa kwa amri ya apt-get upgrade, ambayo hutegemea orodha hiyo.

Umuhimu

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed katika programu ya OpenSSL, na Debian ilitoa kifurushi kilichorekebishwa. Kompyuta yenye orodha ya siku zilizotangulia isingekiona kifurushi hicho, hata ikipewa amri ya kusakinisha matoleo mapya. Vilevile orodha ya zamani huweza kutaja faili zilizokwisha kuondolewa ghalani, na upakuaji hushindikana.

Kupanga ratiba kwa msimbo

Kwenye seva moja, cron hutosha kuendesha amri kwa saa zilizopangwa. Panapokuwa na mamia ya seva hutumika programu za kusimamia usanidi, kama Puppet iliyoanzishwa na Luke Kanies mwaka 2005, na Ansible iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012. Msimamizi huandika hali inayotakiwa, kwa mfano kwamba orodha isizidi umri wa siku moja.

Katika Ansible umri huo huandikwa kwa sekunde (86400) kwenye kigezo cha cache_valid_time. Orodha ikiwa bado changa, hakuna kinachopakuliwa. Ansible hufanya kazi inapoitwa tu, hivyo huhitaji ratiba ya nje kama cron. Puppet kwa kawaida hukagua seva kila dakika 30; kwa hiyo moduli yake ya apt huwekewa daily (kila siku) au weekly (kila wiki), ili ghala zisiulizwe mara 48 kwa siku.

Mipaka

Orodha mpya peke yake haizibi kasoro. Ni lazima kifurushi kisakinishwe, kisha huduma zinazokitumia zianzishwe upya, kwa kuwa toleo la zamani huendelea kufanya kazi katika kumbukumbu ya kompyuta.